Shangazi, Mazungumzo Binafsi

4 Machi

Kwa Mhadhiri Mwandamizi,
Idara ya Fizikia, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho.

Ndugu,

Ofisi yangu inakusanya takwimu za waombaji wa cheo cha profesa, nawe ni mmoja wao. Kazi yangu ni ndogo na haina siasa. Naingiza jina la mtu kwenye kompyuta, kompyuta inanieleza ameandika makala ngapi na wenzake wamezinukuu mara ngapi, nami naandika namba hizo kwenye karatasi ya kamati. Makala zenyewe sizisomi. Nilijaribu moja ya kwako nikaishia mstari wa pili, naomba usinichukulie vibaya.

Namba zako ni hizi: makala arobaini na tatu katika muda wote wa utumishi wako, zilizonukuliwa mara 388. Kiwango cha kamati kwa watu wa nadharia ni 500. Unapungukiwa, na kwa kuwa unastaafu mwakani, kikao cha Juni ndicho cha mwisho kwako.

Kuna jambo lililonifanya niandike barua badala ya kupiga muhuri tu. Katika makala yako ya miaka kumi na miwili iliyopita, "Kuyajua ya Ndani Kutoka Mpakani", rejeo namba saba linasomeka hivi: Shangazi, mazungumzo binafsi. Walioandika baada yako wamelinakili rejeo hilo kama lilivyo. Kompyuta, kwa kuona jina linajirudia, imemfungulia mtu huyo jalada lake. Leo hii Shangazi amenukuliwa mara 214, na hajaandika makala hata moja. Katika makala moja ya mwaka jana anaitwa "Shangazi na wenzake".

Naomba unijulishe ni nani na yuko taasisi gani. Kama ni jina lako la uandishi, saini tamko nililoambatanisha, nami nitayaunganisha majalada mawili yawe moja. Ukijumlisha utaona mwenyewe kinachotokea. Mwisho wa kupokea majibu ni tarehe 31 Mei.

Wako kikazi,
Mkutubi wa Takwimu


9 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumai u mzima. Mimi sijambo, ni shughuli tu zinazonizonga. Nisamehe kwa kuondoka haraka mara ya mwisho, teksi ilikuwa inaningoja nje. Nilifika mlangoni nikakuona una afya, moyo ukatulia. Ila nilishangaa kidogo kwamba kila kitu chako kimeshuka. Kamba ya nguo inakufika kiunoni, vikombe vimehamia kwenye kigoda, hata kalenda umeitundika usawa wa kiti. Nikajiambia, Shangazi ameanza kufupika. Usinune, natania.

Nina jambo, na mwanzoni utacheka. Umekuwa mtu mashuhuri.

Unakumbuka siku ile tulipokuwa tunatoa vitu chumbani kwa marehemu baba? Wewe na fundi seremala mlikuwa ndani mnahangaika na kabati, mimi nimesimama mlangoni na hesabu kichwani iliyonishinda kwa miezi. Ukaniambia kutoka huko ndani: "Wewe kaa hapo hapo mlangoni, Profesa. Ya ndani yote utayajua kutoka hapo." Sijui kama ulijua ulichokisema. Mimi kazi yangu, kwa kifupi, ni kukisia chembe ndogo ndogo zinafanya nini ndani ya kitu kigumu, tuseme kipande cha chuma. Ni nyingi mno, hakuna wa kuzihesabu zote. Wewe ukanionyesha kwamba si lazima. Ukizijua zile za ukingoni, za ndani zinajieleza zenyewe. Niliandika sentensi yako kwenye kiganja pale pale niliposimama, nikaenda kuifanyia hesabu, na ikawa kweli.

Kwa hiyo nilipochapisha nilikutaja kwenye marejeo, "Shangazi, mazungumzo binafsi", kama heshima na utani kidogo. Watu wakanakili bila kuuliza. Sasa kompyuta inaamini wewe ni mtafiti, mmoja amekuita "Shangazi na wenzake", na umenukuliwa mara 214, kuliko makala yangu yoyote niliyoiandika kwa jasho.

Ninachoomba ni ruhusa yako. Nikisaini karatasi kwamba "Shangazi" ni mimi mwenyewe, hesabu yako itahamia kwangu nami nitapata uprofesa kabla sijastaafu. Ni karatasi tu. Hakuna anayekunyang'anya kitu, maana hata hukujua kama unacho.

Nijibu mapema.

Mwanao


22 Machi

Profesa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Nimemsomea na jirani yangu muuza vitambaa. Amesema tangu leo hatanipunguzia bei, maana mtu mashuhuri halipi kama sisi.

Watu mia mbili na kumi na nne wamenitaja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupita kunijulia hali. Hao ndio wasomi wako.

Nimecheka nilipofika kwenye "mazungumzo binafsi". Wewe unajua nilifanya kazi wapi. Miaka yote ile nikiwa opereta wa simu, mazungumzo binafsi ya watu yamepita mikononi mwangu, ya wachumba, ya wenye madeni, ya waume waliosema wako safarini na kumbe wako mtaa wa pili. Sheria ya kazi ilikuwa moja: usisikilize, na ukisikia usiandike. Sasa mtoto niliyemlea mwenyewe kasikia, kaandika, na kachapisha. Ningekuwa bado bosi wa zamu ningekuandikia barua ya onyo.

Kuhusu uprofesa, mimi sielewi unahangaika na nini. Nilikupa cheo hicho ukiwa na miaka saba, siku ulipomwuliza fundi wa redio sauti inakwenda kulala wapi redio ikizimwa. Sikukudai kunukuliwa hata mara moja.

Karatasi yako nitaifikiria. Kwanza niambie hao "wenzake" ni akina nani. Kama nina wenzangu ningependa kuwajua, maana lile kabati la baba yako bado liko pale pale lilipokwama, limeziba dirisha lote, na peke yangu siliwezi. Chumba kina giza mchana kutwa. Nimeshakuandikia habari hiyo, sijui barua ngapi.

Kula vizuri. Mara ya mwisho shati lilikuwa linakuvaa wewe.

Shangazi yako
(na wenzake)


2 Aprili

Kwa Mkutubi wa Takwimu,

Nashukuru kwa barua yako. Shangazi ni mtafiti wa kujitegemea asiye na taasisi, na kwa sasa hapendi kujulikana zaidi ya hapo. Suala la tamko nalishughulikia. Naomba uvumilivu wako hadi tarehe uliyoitaja.

Mhadhiri Mwandamizi,
Idara ya Fizikia


7 Aprili

Kwa Mhadhiri Mwandamizi,

"Mtafiti wa kujitegemea" si taasisi inayotambuliwa na kompyuta. Kwa sasa nimeandika "haijulikani".

Naambatanisha barua iliyofika ofisini kwangu kutoka chuo kingine, ikiwa imeandikwa kwa "Dk. Shangazi". Wanamwomba afungue mkutano wao wa Septemba kwa mhadhara wa dakika arobaini. Watamlipia nauli na malazi. Wanauliza pia kama atahitaji ubao au atatumia picha za ukutani.

Sikuifungua kwa udaku. Ilikuwa wazi.

Mkutubi wa Takwimu


15 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Ndani ya bahasha hii kuna barua yako ya mwaliko. Itunze kwa kumbukumbu, lakini usijibu, tafadhali. Nimeshawaambia unaumwa kidogo.

Naona jambo hili tumelifanyia mzaha wote wawili, mimi wa kwanza. Acha niliseme bila mzaha. Nimekaa chumba hiki hiki tangu nilipoajiriwa. Kina meza moja, ubao mmoja, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Wanafunzi wangu watatu ni maprofesa sasa, wako ghorofa ya nne. Tukikutana kwenye ngazi wananisalimia kwa heshima, tena kwa heshima kubwa mno. Mwakani nitakabidhi ufunguo. Mlangoni pangu pameandikwa Mhadhiri Mwandamizi, na watakaponiandikia kadi ya kuniaga wataandika hivyo hivyo. Nina uchungu, Shangazi. Sikujua kama ninao mpaka mkutubi yule aliponiwekea namba zangu kwenye mstari mmoja.

Makala nyingine zote nimezitoa kichwani mwangu bila msaada wa mtu, na zimelala kwenye makabrasha. Inayosomwa ni moja, ile yenye sentensi yako. Najua ni yako. Lakini wewe uliisema mara moja ukaendelea na kazi zako, mimi ndiye niliyekaa nayo miaka miwili nikiigeuza kuwa hesabu. Je, hiyo si haki yangu kidogo?

Mwisho ni tarehe 31 Mei. Neno moja tu kutoka kwako linatosha.

Kuhusu kabati, nitakutumia vijana wawili na hela yao. Wataliondoa kwa nusu saa, utasahau kama liliwahi kuwepo.

Mwanao


3 Mei

Profesa,

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena nikaichana. Hii ndiyo itakayotumwa, hata ikiwa mbaya.

Uliniuliza kama nakumbuka siku ile. Nakumbuka kuliko wewe.

Ilikuwa mwezi ule ule tuliomzika baba yako. Mimi na fundi tulikuwa tumelisogeza kabati hadi mbele ya dirisha. Tukajaribu kuligeuza, fundi akateleza kwenye sakafu, upande wake ukaachia, na kabati likaniegemea begani. Nilikuwa kati ya kabati na ukuta. Fundi akatoka nje kupitia dirishani, palipokuwa bado na upenyo, kwenda kutafuta kamba na mtu wa kumsaidia. Wewe ulikuwa mlangoni, hatua chache tu, mikono umekunja. Kutoka pale ulipokuwa uliona mgongo wa kabati, basi. Mimi hukuniona.

Ndipo nikakuambia ukae hapo hapo mlangoni, ya ndani utayajua kutoka hapo. Mwanangu, ile haikuwa hekima. Nilikuwa nakusuta. Nilikuwa nimebanwa, nina hasira, na mtoto wangu mwenye akili zote za dunia amesimama anatazama mbao. Kwa Kiswahili chepesi nilikuwa nasema: ingia, unishikie.

Sikupiga kelele, na hapo nadhani ndipo ulipopotea. Kwenye simu tulifundishwa hivyo. Hata laini zote ziungue kwa pamoja unasema "tafadhali subiri" kwa sauti ile ile. Sauti hiyo imenikaa mpaka leo, siwezi kuitoa. Baada ya kusema hivyo nikajiambia, sasa anakuja. Nikachungulia pembeni ya kabati nikakuona unaandika kwenye kiganja.

Fundi alirudi na watu wakaninasua, lakini kabati hawakuliweza. Wewe ulikuwa umeshatoka kwenda barazani kutafuta karatasi. Uliondoka jioni ile una furaha ambayo sijaiona kwako tangu utotoni, na wiki iliyofuata ukaniandikia kwamba umepata ulichokuwa unakitafuta. Ningekuambia nini? Nilisema nitakuambia ukija tena. Ukaja, ukapiga hodi, nikasema karibu, ukasema "sikai". Mara ya pili hivyo hivyo. Miaka imekwenda.

Bega la kulia halipandi tangu siku ile. Sifiki juu ya kifua. Kamba ya nguo haikushuka yenyewe, na mimi sijafupika. Uliyaona yote hayo kutoka mlangoni, tena ukayaandika vizuri kwa mpangilio, kamba, vikombe, kalenda. Ila hukujua yanasema nini.

Sikuandikii ili ulie. Najua kwa nini hukuingia. Hukutaka kukiona kitanda chake kitupu. Lakini yule alikuwa ndugu yangu kabla hajawa baba yako, na mimi pia sikutaka kuingia.

Huenda kwa chembe zako ni kweli. Watu wote wale si wajinga, na wewe si mjinga, hesabu umeifanya na imekubali. Basi iwe kweli kwa chuma. Kwa chumba kile haikuwa kweli.

Sasa karatasi yako. Saini ukitaka. Nakuruhusu kwa moyo mmoja na safari hii sisemi kwa kejeli, nimeandika wazi kwa sababu kwenye kejeli mimi na wewe hatuelewani. Jina si langu peke yangu, mashangazi ni wengi.

Ila vijana wako wawili usinitumie. Vijana wa kubeba wapo hata hapa mtaani. Kama ningetaka kubebewa tu, kabati lingeshatoka zamani.

Shangazi yako


31 Mei

Kwa Mkutubi wa Takwimu,

Narudisha tamko bila saini. Nimelileta kwa mkono siku ya mwisho kwa sababu nilikuwa safarini kwa shughuli ya kuhamisha kabati, ambayo ilichukua muda mrefu kuliko nilivyokadiria. Nilikuwa nimechora mchoro. Mchoro haukusaidia.

Nilikuandikia kwamba Shangazi ni mtafiti wa kujitegemea. Usahihi ni kwamba ni dada wa marehemu baba yangu. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki nikiwa mdogo, na ni opereta wa simu mstaafu. Majalada yabaki mawili.

Usidhani nimefanya ushujaa. Ruhusa ya kusaini ninayo, kwa maandishi yake. Tamko nilisafiri nalo likiwa mfukoni, pamoja na kalamu. Jioni ya kwanza tukiwa tumekaa kwenye kitanda cha baba, kwa kuwa viti vyote tulikuwa tumevitoa kupisha kabati, nililitoa nikaliweka magotini. Nikasoma: "Mimi niliyetia saini hapa chini ndiye niliyesema maneno yaliyotajwa." Yeye alikuwa anajaribu kunyanyua taa iangaze karatasi ili nisome vizuri. Mkono ulifika kifuani ukagoma, akahamishia taa mkono wa kushoto kana kwamba ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo. Nikalikunja.

Nimelitumia jarida lililochapisha makala yangu masahihisho yafuatayo. Nakala ni hii kwa ajili ya jalada lako:

"Kuhusu rejeo namba saba. Mwandishi alidhani kwamba msemaji alikuwa anamshauri. Msemaji alikuwa anamwita. Matokeo ya hesabu hayabadiliki."

Natanguliza shukrani kwa kazi yako, ambayo uliita ndogo.

Mhadhiri Mwandamizi,
Idara ya Fizikia


24 Juni

Kwa Mhadhiri Mwandamizi,

Kamati ilikaa tarehe 18. Ombi lako halikupita. Mjumbe mmoja aliuliza kama upungufu wa namba unaweza kufidiwa na ubora wa kazi. Mwenyekiti akajibu kwamba swali hilo ni la kikao kingine, na kikao hicho hakijawahi kuitishwa. Barua rasmi itakufikia kwa utaratibu wa kawaida, mimi nimeona usiisikie kwanza kwenye ngazi.

Kuna mengine mawili ya kiofisi.

La kwanza, masahihisho yako yametoka katika toleo la mwezi huu la jarida na tayari yamenukuliwa. Aliyenukuu ameandika: Shangazi, masahihisho. Jarida linasema ni kosa la mpanga kurasa, aliyeweka jina lake mahali pa lako. Kompyuta imemwongezea yeye, si wewe. Nilijaribu kurekebisha, ikaniuliza jina la taasisi yake.

La pili, ndiyo hiyo taasisi. Mashine haina mahali pa kuandika udugu, na "haijulikani" sasa ni uongo, kwa kuwa mimi najua. Kwa hiyo nimeandika "nyumbani". Imekubali bila kuuliza zaidi. Kama Shangazi hapendi, anaweza kuniandikia.

Makala yako nimeirudia. Safari hii nimefika ukurasa wa tatu. Sikuelewa, lakini nilipofika kwenye namba saba nilisimama kidogo, nikampigia simu dada wa baba yangu. Hakuwepo nyumbani, nitapiga tena.

Mkutubi wa Takwimu


2 Julai

Mwanangu,

Barua yako ya kwamba wamekunyima nimeipata. Nimesikitika sana, na sitajifanya sikusikitika. Nilikuwa nimeshamwambia jirani kwamba itapita. Amesema hao kamati wangekuja kununua kitambaa kwake wangejua namba ni nini. Sikumwelewa, ila nia yake ilikuwa njema.

Huyo mkutubi wako mwandikie kwamba "nyumbani" ni sawa, aache hivyo hivyo. Mwaliko wa Septemba nimewajibu mwenyewe, najua ulinikataza. Nimewaambia kwamba siumwi, kwamba sina picha za ukutani, na kwamba wamwalike mpwa wangu, ambaye anaijua hesabu yote na nauli yake ni ndogo kuliko yangu. Wakikuita, nenda. Vaa lile shati la kijivu, hilo halikuvai wewe.

Chumba nimekihamia. Asubuhi jua linaingia mpaka miguuni kwangu, nilikuwa nimesahau kwamba lilikuwa linaingia upande ule. Dirisha linafunguka, ila linalia kidogo kwenye bawaba, usiniletee mchoro, lete mafuta. Vitu vya baba yako nimevipanga juu ya ile rafu uliyoniwekea usawa wa kiuno. Saa yake bado inatembea nikiijaza.

Kabati sasa limekaa ukumbini kwa sababu mlango wa mbele haulipitishi, kama tulivyogundua wote wawili tukiwa tumechelewa. Kwenda jikoni napita kiubavu. Fundi amekuja kulitazama, akasema lilijengewa humo humo ndani ya nyumba, babu yako ndiye aliyeliagiza, kwa hiyo kutoka halitoki mpaka lipasuliwe. Nimemwambia aliache. Tumeshikana nalo siku tatu, mimi na wewe, halafu nilipasue?

Nilikuona siku ile ulipoingia. Ulisimama mlangoni kwanza, kama kawaida yako, nikajisemea basi. Halafu ukatua mkoba chini ukaja moja kwa moja, ukakaa kitandani kwake ukalia, na mimi nikalia, na kabati halikuguswa mpaka kesho yake. Hiyo usiichapishe.

Ukija mwezi ujao, usipige hodi ukasimama hapo kungoja niseme karibu. Mimi nitakuwa chumba cha ndani, dirisha liko wazi na barabara ina kelele. Kutoka mlangoni hutanisikia.

Shangazi yako